Nyimbo Alizotoka Nazo Mombasa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nayasalimu magoti yako, maana najua wakati huu wa palizi ndiyo yanasema zaidi yako. Natumaini mvua imefika Kathonzweni na ndengu zimeshika. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Uingereza imeshanizoea, ni mimi tu sijaizoea.

Barua hii nampa Wanza, yule wa Nunguni tunayefanya kazi pamoja, kwa sababu anakuja nyumbani likizo. Simu ya kwetu ni kama baraza la chifu. Mtu akiongea boma lote linasikia, na wewe unajibu "tuko sawa" halafu unamrudishia Mutua. Naandika Kiswahili kwa sababu Kikamba cha kusoma tunachokijua mimi na wewe ni cha Biblia, na haya ninayotaka kusema hayako huko. Isome peke yako.

Najua umekasirika tangu ile Jumapili. Usimgombeze Mutua. Ni mdogo wangu, nilimtuma, akatumika. Mimi nilikuwa kwenye simu ya video naona kila kitu. Baba alikuwa anapiga meza na ule mkono mzima, anasema "ee, ee," kama anavyosema tangu kiharusi kimpige. Ukaleta maji, akakataa. Ukaleta blanketi, akalitupa. Ukaleta Biblia, akageuza uso. Mutua akamwambia, "Baba, onyesha na kidole basi. Ni chakula unataka ama ni kiti cha ubunge?" Tukacheka sote, hata wewe. Yeye hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuna mtu kati yetu alijua ni ya nini.

Hapo ndipo Mutua alicheza ule wimbo kwenye simu ya mke wake, ule wa polepole unaoanza na piano peke yake. Na Baba akaimba. Hakusema "ee." Aliimba maneno ya Kiingereza, nusu ubeti, sauti imekaa mahali pake kama mtu anayelipwa.

Mama Kioko, ambaye alikuwa amekuja kumwombea Baba, aliruka kutoka kwa kiti. "Ashindwe! Si huyu mzee aliwacha hizi vitu? Hiyo ni roho ya zamani inarudi!"

Mutua akamwambia, "Lakini Mama Kioko, jana si uliomba aongee? Sasa ameongea unamkemea."

Wewe ulichukua sufuria zilizokuwa safi ukatoka nje kuziosha. Tangu siku hiyo nikipiga naambiwa uko shamba. Hata saa mbili usiku uko shamba.

Mama, acha nikuambie kwa nini nilimtuma Mutua. Hapa ninapofanya kazi, nyumba ya kutunza wazee, kwenye sebule kuna redio inayocheza nyimbo za miaka ya themanini kutwa nzima. Ni zile zile za Baba. Kwetu zilikuja kama habari mpya za dunia, huku ni nyimbo za watu wasio na meno. Mimi nazijua zote, na Kiingereza changu kingi kilitoka huko, kwa hivyo nilifika hapa nikijua vizuri namna ya kumsihi mtu arudi, asiende, avumilie, lakini nisiweze kuuliza choo kiko wapi.

Kuna mzee tunamwita Len. Kiharusi kilimfunga mdomo kama Baba. Kuna dada anayekuja kufundisha wagonjwa kusema tena, na yeye alinieleza kwamba maneno yana njia yake kichwani na wimbo una njia yake. Mimi nikamwambia kwetu tunajua hiyo, mto ukijaa pale drifti tunapovukia watu huzunguka kwa daraja la juu, na sokoni wanafika. Anaimba na Len ule wimbo anaoupenda, anamwachia neno la mwisho alitaje mwenyewe. Wakishazoea, wanaondoa maneno ya wimbo wanaweka ya kila siku, sauti ni ile ile. Sasa Len anaomba kupelekwa msalani kwa sauti ya mtu aliyeachwa na mchumba. Inachekesha, lakini anapelekwa kwa wakati, na siku hizi hapigi meza. Huyo dada alisema miezi ya mwanzo ndiyo mlango uko wazi. Baadaye bado mtu anaweza, lakini kwa shida.

Ulimwambia Mutua kama ni kuimba, Baba aimbe za kanisa. Ni neno la haki na mmejaribu. Mutua ananiambia Baba anagonga vidole tu. Mama, Baba aliokoka akiwa na mvi. Zile nyimbo zilikuwa zimekaa ndani yake miaka mingi kabla za kanisa hazijabisha hodi.

Kuhusu nadhiri yake ya kuziacha nyimbo hizo, nakumbuka ile siku alisimama mbele ya ushirika na kanda zake kwenye kiondo, zikachomwa nyuma ya kanisa mpaka tukakohoa. Redio yenyewe haikuchomwa, iliingia kwa kazi ya Bwana. Kwa hivyo nilimpigia mchungaji, nikamuuliza kama ni kurudi nyuma. Akasema, "Ndinda, hiyo ni dawa. Sio disko." Akasema atakuambia, na najua alikuambia.

Lakini bado uko shamba. Hapo ndipo nilianza kufikiria kwamba jambo hili si la kanisa.

Nilikuwa mdogo, Mama, lakini nilikuwa na macho. Baba alikuwa anahudumia meza kwenye baa ya hoteli huko Mombasa, bendi inawachezea wazungu, na wewe ulikuwa Kathonzweni unachimba matuta, kwanza mimi mgongoni, kisha Mutua. Alikuwa anakuja Krismasi na leso moja na kanda mpya. Anakaa mlangoni, anafumba macho, anaimba, na wewe uko nyuma yake unatwanga muthokoi. Ulikuwa unatwanga kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji. Alikuwa amefika nyumbani na alikuwa hajafika. Kila wimbo ulikuwa unamrudisha mahali ambapo wewe hukuwa.

Nafikiri unaogopa kwamba mdomo wa Baba ukifunguka, utafungukia Mombasa. Kwamba utamwosha, utamlisha, utamgeuza kitandani, halafu neno la kwanza litakuwa la mtu wa huko. Kama nimekosea nisamehe. Kama sijakosea, hiyo hofu si ndogo na sitakuambia ni ya bure. Sijui huko kulikuwa na nini. Sijawahi kumuuliza na wewe sikuulizi.

Mke wa Len anaitwa Joan. Alimkuta Len akiwa tayari amezeeka, na zile nyimbo ni za mke wa kwanza. Joan anajua. Anakuja kila alasiri, anakaa karibu naye, wanaimba. Siku moja nilimuuliza kama haimuumi. Akaniambia, "Niliuchukia huo wimbo miaka mingi, na sijaacha. Lakini nataka aniambie tena kwamba chai yangu ni mbaya." Nikaenda kukunja mashuka.

Sitamtuma Mutua tena. Ukisema hapana, itabaki hapana, na tutaendelea na za kanisa bila mimi kunung'unika. Lakini Baba yuko humo ndani, Mama. Nilimsikia. Na wewe ulimsikia, ndiyo maana ulitoka.

Nisalimie Mutua na mke wake, na umwambie viatu vya mtoto viko kwa Wanza. Nisalimie Susu, nyanya yetu, ambaye najua atauliza kama huku wazungu wananilisha. Nisalimie Shangazi Mwende na biashara yake ya matunda pale barabarani Kambu. Mama Kioko mwambie sina ugomvi naye, aendelee kuomba, ila aombe akiwa ameketi.

Na ukikubali, usimwachie Mutua hiyo kazi. Mwambie akuonyeshe mahali pa kubonyeza, halafu atoke nje. Kaa upande wa kushoto wa Baba, ndio anaouona vizuri tangu augue, na usiende kuosha chochote. Neno litakalotoka silijui. Lakini likitoka, nataka litoke akiwa anakutazama wewe.

Ni mimi mtoto wako wa kwanza,

Ndinda