Siri ya Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Haya, nilikuwa nasema — kabla sufuria haijafurika — mdogo wangu leo kachomwa sindano ya nne. Figo zake zinaota makovu. Mimi ndiye niliyemwambia ajiandikishe kwenye jaribio la dawa, hapo kwenye kituo ninachopiga deki mwaka wa tisa huu. Nikamwuliza mkuu wa jaribio, mimi namwita Daktari Miwani, hiyo dawa inafanya nini hasa? Akasema mwilini kuna vitu vidogo mno, maikro-aarenee, ndivyo nilivyosikia. Kazi yao kuzuia mwili usitengeneze hiki na kile. Kwa mdogo wangu kimoja kimezidi, kinanyamazisha hata vinavyolinda figo. Dawa inakigandia hicho, kinakosa nguvu. Nikasema, daktari, yaani mnamziba mdomo anayeziba wenzake midomo! Kacheka mpaka miwani ikadondoka. Eti atawafundishia hivyo wanafunzi. Mimi, darasa la tatu!

Jumatano, 6 Machi
Mdogo wangu kaja anacheza. Miguu imepungua uvimbe, kavaa viatu vyake vyembamba. Dada, nimepona! Nikamkumbusha nusu ya walio kwenye jaribio wanachomwa maji ya chumvi tu, ili walinganishwe na wenzao, na hata nesi hajui nani kapata nini. Akanisonya. Eti wivu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeharibu. Chumba cha mfamasia hakipigwi deki mpaka daftari la siri, la nani anachomwa nini, lifungiwe kabatini. Leo kapigiwa simu, katoka, kaliacha wazi. Na mimi na macho yangu haya! Nikafuata mistari kwa kidole. Kumi na saba, namba ya mdogo wangu. Mbele yake: chumvi.
Nimedeki pale pale mara tatu.
Sheria yao, mtu akijua anachochomwa, anatolewa. Akivumilia miezi miwili, jaribio likiisha, waliopewa maji watapewa dawa yenyewe. Wameahidi kwa maandishi. Basi ninyamaze. Mimi! Jirani kaniuliza mbona kimya, jino linauma? Nikasema ndiyo.

Jumapili, 10 Machi
Nawaza tu. Kama ni maji, uvimbe umepunguaje? Labda kapunguza chumvi jikoni. Labda furaha. Hatujacheka hivi tangu tukiwa wasichana. Nimnyang'anye?

Jumatatu, 11 Machi
Nimekwenda kumsaidia kufua. Nafungua droo natafuta vibanio — vidonge vyake vya presha, vile vya kulinda figo, havijaguswa! Wiki nzima! Vya nini tena, dada, mtu kapona. Nikambembeleza, nikamgombeza. Akasema, nipe sababu moja. Ninayo! Nikarudi kwenye beseni, nikafua. Na sharti la jaribio ni kutokatisha vidonge. Nikisema hili la vidonge, anatolewa. Nikisema lile la daftari, anatolewa. Nikinyamaza, figo zinakwisha.

Jumanne, 12 Machi
Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya Daktari Miwani. Nimemleta mwenyewe, nimemdanganya ni kupima damu tu. Yuko pembeni yangu, uso umeanza kujaa, hataki kujitazama kiooni. Ananiuliza naandika nini, namsengenya? Nikamwambia sana! Kacheka, kaniegemea begani. Mzito kama zamani nilipokuwa nambeba mgongoni.
Nimeamua. Nasema yote mawili, la vidonge na la daftari. Kazi iende. Bora aninunie akiwa mzima. Ila nianze na yeye, hapa hapa, asiyasikie mbele ya watu. Namwambia, mdogo wangu, nisikilize, kuna ki—
Nesi kafungua mlango. Eti wewe mama wa deki, ingia. Peke yako kwanza. Mfamasia yumo ndani, kashika lile daftari.