Malori ya Mchanga na Barabara Tuliyoifunga

Kijiji cha Kyaani,
S.L.P. 41,
Kathiani, Machakos.

Jumapili, 14 Septemba 2003

Mpendwa dada Wanza,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini hujambo, wewe na shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko Gaborone imewaachia. Mgongo wako unaendeleaje? Uliniandikia kwamba kazi ya wodi inakuchosha. Tafadhali usiwe ukiinua wagonjwa peke yako. Wewe tangu utotoni hujui kuomba msaada.

Sisi tu wazima. Bibi yetu, Susu, macho yamezidi kufifia lakini masikio yako sawa, anatutambua kwa mwendo tu kabla hatujafungua mdomo. Kila wiki ananiuliza kama Botswana iko mbele ya Mombasa au nyuma yake, nami namwambia ni mbele kidogo, anatulia. Mwanangu Mbinya yuko darasa la tatu. Jua ni kali, mashamba yako tayari, tunangoja mvua ya Oktoba.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaacha. Dada, siku hizi situlii. Nikikaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga huku roho iko barabarani. Hata sasa nimeandika mistari hii michache na tayari nimeshainuka kuchungulia dirishani.

Unakumbuka jinsi tulivyofurahi Desemba serikali ilipobadilika? Tulicheza ngoma mpaka kanga zikachanika. Na siwezi kukataa, yako mazuri. Shule ya msingi sasa ni bure, na watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wamerudi darasani. Tatizo ni kwamba darasa la Mbinya limejaa mpaka wengine wanaandikia magotini, na mwalimu ni yule yule mmoja. Akimaliza kusahihisha madaftari ya leo, ya kesho yanamngoja. Mimi nasifu jambo hili, lakini nasema pia wangeleta walimu.

Kwetu huku chini mabadiliko yamekuwa ya fulana tu. Diwani Ndambuki alilala akiwa chama cha zamani, akaamka katika kile kipya, na tukampigia kura tena kwa sababu alikuja kwenye mazishi na kutoa sukari. Naona aibu kusema hivyo. Tunalaumu wakubwa wa Nairobi, na huyu wa karibu, tunayemjua hadi kwao, ndiye anayetumaliza.

Sasa nikueleze yaliyotupata.

Mto wetu ungeuona leo ungelia. Wewe unaukumbuka ukiwa na mchanga mweupe, mzito, ambapo wakati wa kiangazi tulichimba kwa mikono na kata, maji yakaja yenyewe, baridi, safi. Mchanga ule wote umechukuliwa. Malori yalikuwa yakiingia alfajiri na kutoka yamejaa, yakielekea Athi River, Syokimau na Nairobi, ambako watu wanajenga kila siku. Sina ubaya na wanaojenga, nyumba ni haki ya mtu. Lakini kuta zile zimetoka kitandani mwa mto wetu, na sisi tumebaki na mwamba mtupu. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kukaa. Yanapita tu. Tukawa tunatembea na mitungi hadi ng'ambo ya kilima, kwenye kisima cha wenyewe, tukipanga foleni na kutukanwa.

Jambo gumu kwangu, dada, ni kwamba Antony ndiye alikuwa msimamizi wa wapakiaji. Unajua kiwanda cha Athi River kilipowapunguza wafanyakazi, mume wangu alirudi nyumbani akakaa mwaka mzima akiangalia mikono yake. Kazi ya mchanga ndiyo iliyomfanya atembee tena kama mwanamume. Alikuwa akirudi na unga, na sabuni, na wakati mwingine nyama. Singeweza kuyachukia malori yale kwa moyo mmoja. Lakini asubuhi nikibeba mtungi nilikuwa nayachukia.

Mwezi uliopita naibu wa chifu aliita baraza. Diwani alikuja na gari lake jipya, akasimama akatuambia kwamba mchanga ni mali ya kanjo, yaani halmashauri ya wilaya, na kwamba ushuru wake utatujengea barabara. Mukai akainua mkono. Unamkumbuka Mukai, yule mwembamba mwenye sauti kubwa? Ndiye mwenyekiti wa mwethya wetu wa akina mama, tunaolimiana mashamba na kuzuia mmomonyoko.

"Diwani, na maji je?" akauliza.

"Mama, mimi naongea mambo ya mchanga," diwani akasema. "Nani kati yenu amewahi kunywa mchanga?"

Vijana wakacheka. Mukai akangoja wamalize.

"Mchanga ndio unatuwekea maji. Wewe uko na mabati na tangi mbili kubwa. Tangi letu sisi ni ule mto, na wewe unalibeba na lori."

Tukapiga makofi, na hapo diwani akabadilika uso. Akatuangalia mmoja mmoja mpaka akanifikia. "Wengine wenu mnapiga makofi hapa," akasema, "na waume wenu ndio wasimamizi huko mtoni. Unga wenu unatoka wapi?"

Watu wote waligeuka kunitazama. Antony alikuwa amesimama nyuma na wenzake. Kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama.

"Ni kweli, diwani," nikasema. "Unga wangu unatoka mtoni. Lakini niambie nitausonga na nini."

Akina mama walipiga vigelegele. Mimi sikufurahi hata kidogo, kwa sababu nilipogeuka nyuma, Antony hakuwepo.

Nyumbani hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi. Alikaa kwenye kiti akavua viatu polepole, akasema, "Mumbua, umenivua nguo mbele ya watu."

"Sikusema juu yako. Nilisema juu ya maji."

"Haya. Nikiacha hii kazi, tutakula nini? Niambie sasa, na kesho siendi."

Dada, nilichochea moto tu. Ninakuandikia haya kwa sababu najua huko mbali mtu anaweza kusikia habari za wanawake waliofunga barabara akadhani tulikuwa na majibu ya kila kitu. Mimi sikuwa na hata moja.

Lakini kisima cha ng'ambo nacho kilikauka, na hapo hatukungoja tena. Mukai alipita nyumba kwa nyumba, na asubuhi ya Jumanne tukabeba mawe tukayapanga barabarani, pale penye kona ya kushukia mtoni. Mukai aligeuza mtungi wake mtupu akaukalia katikati ya barabara kana kwamba anauza mboga. Nasi tukakaa naye.

Lori la kwanza lilikuwa la Mburu, dereva wa kutoka upande wa Thika, mtu mzuri anayetuletea kabichi mara kwa mara. Antony alikuwa mbele pamoja naye. Mburu akapiga honi, kisha akaacha. Antony akashuka, akaja mpaka nikaona vumbi kwenye kope zake.

"Mumbua, ondoka hapo."

"Niondoke niende wapi?"

Alisimama. Nyuma yake malori mengine yalikuwa yakifika na kupanga mstari, wapakiaji wakaanza kutukana. Mmoja aliruka chini akainama ashike jiwe.

"Wacha!" Antony akamwambia. "Hayo mawe usiguse." Kisha akamgeukia Mburu. "Zima injini."

Mburu akazima. Antony hakuja kukaa nasi. Alipita kando ya mawe, akashika njia ya Kathiani kwa miguu, bila kuangalia nyuma. Mimi nikafikiri ameniacha. Kama ni pale barabarani tu au na nyumbani pia, sikujua.

Diwani alikuja na polisi. Walitupakia, mimi na Mukai na wengine, wakatufungia kituoni. Usishtuke, hatukupigwa. Tuliimba nyimbo za kanisa mpaka askari mmoja akaanza kuitikia. Lakini Mukai ana shinikizo la damu, akaanza kutokwa jasho, na tulipoomba maji ya kunywa tuliambiwa mfereji wa kituo umekauka. Mmoja wetu alicheka, kisha tukacheka wote, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha.

Jioni mlango ukafunguliwa. Aliyesimama nje na mkuu wa kituo alikuwa D.O., afisa wa tarafa, viatu vyake vimejaa vumbi, na nyuma yake Antony, ameshika sweta yangu. Kumbe alikuwa ametembea hadi ofisini kwa D.O. na kukaa mlangoni mpaka akasikilizwa. Alimwambia, "Mimi ndiye ninasimamia kuchota. Njoo nikuonyeshe tulichofanya." Wakashuka mtoni pamoja. D.O. aliona ukingo umeliwa mpaka karibu na uwanja wa shule, umebaki kuning'inia juu ya njia ambayo watoto wetu hupita. Akatoa amri papo hapo: akina mama waachiliwe, na malori yasimame mpaka kamati ikae.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Antony mbele, mimi nyuma. Nilimwita jina lake. Akasema, "Vaa sweta, kuna upepo."

Ungedhani tumeshinda. Mukai alichinja kuku. Lakini kamati ilipotangazwa, mwenyekiti ni nani? Diwani Ndambuki. Na hakuna jina la mwanamke hata mmoja. Wapakiaji wamekosa kazi na wanamwita Antony msaliti. Wake zao, niliokuwa nikiwashonea sare za watoto, wananipita bila salamu, nami siwezi kuwakasirikia kwa sababu sufuria tupu naijua. Wanaume wameanza kushinda kwenye pombe haramu tangu asubuhi. Serikali ikisimamisha kitu bila kuleta kingine, watu wanabaki kutazamana kwa ubaya. Hilo ndilo ningemwambia mheshimiwa wetu wa bunge kama angewahi kupita hapa na kioo cha gari kikiwa wazi.

Antony amekwenda Lukenya kuvunja mawe kwenye machimbo. Aliondoka Alhamisi. Mikono yake si ya mawe, na vumbi la huko si zuri kwa kifua, lakini alikataa kukaa bure. Nilimsindikiza mpaka kwenye lami. Nilitaka anilaumu kidogo ili nipunguze mzigo, lakini alisema tu, "Wakikushika tena, tuma mtu Lukenya. Nitakuja." Alikuwa ameshaanza kwenda, akarudi. "Lakini usitoe mawe."

Kamati itakaa Jumamosi. Tumeamua kwenda na viti vyetu wenyewe na kukaa, watufukuze wakitaka. Ninachoogopa, dada, si diwani. Naogopa sisi. Tangu kukamatwa, wanawake wengi wamenyamaza. Mmoja anasema mume wake amemkataza, mwingine anasema ana kikohozi. Jumanne ile tulikuwa wengi kwa sababu hatukujua kituo kinafananaje. Sasa tunajua. Nikilala nawaza kwamba Jumamosi nitafika pale na kiti changu, na Mukai na kiti chake, na basi.

Ngoja. Nasikia lori.

Nimerudi. Ni kweli lilikuwa lori, likishuka kuelekea mtoni, Jumapili mchana, wakati ambao wenye malori wanajua tumechoka na kanisa. Niliacha kalamu nikakimbia bila viatu. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Dada, nilipofika kwenye kona, nyumba zote zilikuwa zimejimwaga barabarani. Mama mmoja alikuwa na unga mpaka viwikoni. Mwingine kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama, na msusi wake amemfuata na kitana mkononi. Yule wa kikohozi alikuwa mbele yangu, amebeba jiwe ambalo sijui alilitoa wapi. Hata wake wawili wa wapakiaji, wasiozungumza nami, walisimama kando yangu.

Dereva alifunga breki akatoa mikono yote miwili dirishani. "Ni mbolea!" akapiga kelele. "Akina mama, nawaapia, ni mbolea ya ng'ombe tu!"

Mukai alipanda nyuma ya lori kuhakikisha. Alishuka akijipangusa mikono, akasema, "Ni mbolea." Tukacheka mpaka wengine wakaketi chini, na dereva naye akacheka kwa woga. Kisha tukamfungulia njia.

Hakuna aliyepiga kengele, Wanza. Hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alisikia injini akatoka.

Nisalimie shemeji, na watoto wako wote, na umwambie mdogo wao kwamba Mbinya anataka picha yake. Susu anakusalimu na anasema urudi angali anakusikia ukitembea. Mukai anakusalimu kwa sauti ile ile. Mungu akulinde kazini na njiani, awape wagonjwa wako nafuu na wewe usingizi mwema. Ukisali Jumamosi asubuhi, tutaje sisi wa Kyaani.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Mumbua