Ukimya wa Shahidi Namba Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Namba kumi imekwisha. Dakika arobaini za sauti, kazi ya siku nzima. Waya masikioni, daftari magotini. Shahidi akisema Kinyakyusa, naandika Kiswahili. Shingo inauma.

Dada Salome anasoma shahada ya uzamili ya kriminolojia na haki jinai, Dar es Salaam. Ni mtu wa Morogoro, lugha yetu haijui. Mkalimani wake wa kwanza aliwahoji mashahidi, kisha akapata kazi Mbeya. Mwalimu wa Uraia akanitaja mimi, Tumpe. Utafiti unauliza kwa nini mashahidi wa vijijini hawaisaidii mahakama. Nimetia saini karatasi ya siri. Mashahidi hawana majina, wana namba.

Nami nataka kuja kusoma anachosoma yeye. Ameahidi kuniandikia barua nzuri muda ukifika. Sijamwambia mtu mwingine. Msichana wa kidato cha tatu hapa Njisi akisema jambo kama hilo watamcheka.

Jumanne, 4 Juni

Namba kumi na moja ni mama yangu.

Nimemjua kwa kikohozi, kabla hajasema neno. Sikujua kwamba alihojiwa. Anaeleza habari ya kakao yetu, ile iliyochukuliwa kwenye mkeka wa kuanikia mwezi uliopita. Siku hiyo Mama Sekela alikuwa kwetu. Ni mfinyanzi wa Ikombe, huja na vyungu vyake kila msimu na hufikia kwetu. Babu, baba wa marehemu baba yangu, ndiye aliyekwenda kumshtaki.

Mkalimani: Ulimwona aliyechukua?

Mama: Nilimwona.

Ni huyu mwenye vyungu?

Si yeye.

Ni nani basi?

Kisha hakuna kitu. Jogoo anawika mbali. Mtu anasogeza kiti. Mama hajibu.

Mahakamani wiki iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Hakimu ni mgeni huku. Alimwonya kwamba Jumanne ijayo asipojibu atamweka ndani. Mama Sekela yuko nje kwa dhamana, lakini haruhusiwi kurudi kwao.

Nimerudia kusikiliza mara nne. Ya nne nikaelewa. Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake. Hamtazami usoni. Jina lake halimpiti mdomoni mpaka mmoja wao afe. Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye mama hawezi kumtaja.

Mimi ni mjukuu, naweza. Ambakisye. Babu Ambakisye alichukua kakao ya mkwewe mjane, kisha akaenda mwenyewe kumshtaki mgeni.

Nimeandika.

Alhamisi, 6 Juni

Dada Salome ana fomu kwa kila shahidi. Kwenye fomu ya mama kuna alama ya vema mbele ya maneno "amekataa kujibu". Nikamwambia hakukataa. Nikamweleza habari ya wakwe, yote.

Alisimama. Alipiga makofi. "Tumpe, hii ni sura nzima! Msimamizi wangu atafurahi huyo!"

Alinipa soda. Akaanza kuandika palepale, akiniuliza hili na lile. Nami nikajibu, mjinga mimi, nikidhani ndiyo njia ya kuwasaidia. Mwishoni nikauliza lini atamwambia hakimu.

"Mdogo wangu, mtafiti haingilii kesi. Ndiyo maadili yetu. Na wewe umetia saini."

Alisema kwa upole. Upole wake ndio uliniudhi zaidi. Mama Sekela apate kifungo, mama alale mahabusu, yeye apate sura. Soda niliimaliza. Hilo nalo linanichukiza.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimkuta mama anapasua maganda ya kakao. Nikaanza: "Mama, nimejua ni nani." Akaniziba mdomo kwa kiganja, utomvu na yote.

"Usinitie dhambini, mwanangu."

Tulikaa. Maganda, panga, maganda. Baadaye akasema bila kunitazama: "Mimi simtaji. Wala simnyoshei kidole. Lakini nikiulizwa jambo la kweli nimeshika Biblia, siwezi kulikana."

Basi. Hajawahi kuulizwa. Wote wanamuuliza nani, nani. Hakuna aliyemuuliza swali ambalo anaweza kulijibu kwa neno ndiyo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimevunja siri niliyoitilia saini. Naandika wazi, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilikwenda Kyela mjini, mtaa wa Bondeni. Mama Sekela anakaa kwa muumini mwenzake huko. Amekonda, ila mdomo ni ule ule. "Mimi niibe kakao? Ningebeba na nini, wakati kichwani nina vyungu? Wangenikuta nimevunja vyote!" Akacheka peke yake. Kisha akalia.

Nilimwambia mshtakiwa ana haki ya kumwuliza shahidi maswali. Nilijifunza kwa namba tano. Yeye hakujua. Hakuna aliyemweleza, wiki zote hizi ni karatasi na "njoo kesho". Nikampa swali moja. Alilirudia mara tatu kama mtoto wa kipaimara.

"Na mama yako ataniitikia?"

Nilisema ndiyo. Sikuwa na hakika.

Jumanne, 11 Juni

Chumba kilijaa. Babu mbele, koti la harusi. Mama aligeuka ubavu, khanga imefunika uso, ili asimwone. Hakimu akamwambia asimame vizuri. Hakusimama vizuri. Watu wa Njisi wote walielewa kwa nini. Hakuna aliyesema.

Mama Sekela aliulizwa kama ana swali. Akasimama.

"Mama Tumpe. Aliyechukua kakao, ni baba wa marehemu mumeo?"

"Ee."

"Sema isikike," hakimu akamwambia.

"Ndiyo. Ni yeye."

Babu aliruka. "Mwanamke gani huyu! Mchawi!" Mama alichuchumaa sakafuni papo hapo, si kwa woga, kwa heshima. Heshima! Kwa mtu yule.

Hakimu aliuliza maswali mengi. Mwisho akamwachia huru Mama Sekela. Alipita karibu na mama akasema ndaga, asante ya kwetu, basi. Mimi hakunitazama. Ana akili, hakutaka kuniponza.

Nyuma yangu mzee wa kanisa alimnong'oneza mwenzake: "Si tulijua." Tulijua! Walijua wote, tangu siku ya kwanza. Wangemwacha afungwe. Nimekaa na hasira hii hadi sasa na sijui niitue wapi.

Jumatano, 12 Juni

Dada Salome amechukua kinasa sauti na madaftari. Amesikia ya mahakamani. "Umeharibu uaminifu wa utafiti wangu, Tumpe. Nitakuandikiaje barua?" Sikuomba msamaha. Niliuliza kama sura ya wakwe ataitoa. Alifunga begi lake. Haitoi.

Mwalimu wa Uraia naye amekasirika. Amesema nimemwaibisha.

Jioni Babu, ambaye hakuna aliyemshtaki, alituma ujumbe kwamba mpaka wa shamba letu na lake utapimwa upya. Mama alisikia, akaendelea kupepeta mchele.

Nitasoma tu. Bila barua. Wapo watu wanaoingia chuo bila barua ya mtu.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani tulikaa benchi letu. Hakuna aliyesogea karibu.

Wakati wa kurudi tulimwona Babu anakuja mbele yetu, peke yake, na fimbo. Mama aliacha njia. Aliingia kwenye migomba, akageuza mgongo, akainama, akangoja, kama alivyofanya miaka yote ya ndoa yake.

Mimi nilibaki njiani. Nikasema shikamoo. Hakuitika, akapita.

Mama alitoka, akapangusa majani kwenye gauni. Tukaendelea kutembea.