Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Buhongwa, Mwanza
Jumapili mchana

Mke wangu Mama Neema,

U hali gani na mwili wa uzazi? Mshono umekauka? Neema amemzoea mdogo wake, au bado anauliza atarudishwa lini hospitali? Mimi mzima, nakula, nalala kidogo. Mwanangu wa kiume namjua kwa picha za simu tu, na kila ninayemwonyesha anasema kachukua masikio yangu. Maskini mtoto.

Kwenye simu nilikwambia mama yako anakuja huko Mbeya kwa basi kwa sababu ndege imeharibika. Ni kweli, ila niliishia njiani. Yote nisingeweza kuyasema. Ungelia, nami ningekata. Barua anakuletea yeye mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma yuko mbele yako, mzima. Mtazame kwanza, ndipo uendelee.

Jumatano nilirusha ile ndege yetu ndogo kupeleka mizigo Bukoba, na bosi akaniruhusu nirudi na mama, apumzike kwangu, kisha aje kukuogeshea mtoto. Unamjua mama. Tangu nikuoe hajanipa mkono wala kunitazama usoni, na mimi kwetu Kwimba nimelelewa hivyo hivyo, mkwe unampisha njia. Nikamwomba mfanyakazi wa uwanja amwambie akae mbele, kiti cha jirani na changu. Akajibu, "Mwambie mkwe wangu siwezi kukaa naye goti kwa goti." Akaenda kiti cha mwisho kabisa, akajifunika khanga. Nilifurahi, nisikufiche. Hata mimi ningekosa pa kuweka macho.

Tulipoikaribia Mwanza nikashusha magurudumu. Kuna taa ya kijani inayowaka yakishajifunga. Haikuwaka. Nikayapandisha, nikayashusha tena. Hola. Nikapita chini chini mbele ya mnara ili mwongozaji ndege aangalie kwa darubini. Alianza kwa Kiingereza chetu cha redioni, kisha akakiacha: "Kaka, la kushoto linaning'inia. Usitue nalo hivyo."

Sijawahi kubanwa vile. Gari likiharibika unalisogeza pembeni, unashuka. Huko juu hakuna pembeni. Nilizunguka juu ya ziwa nikipunguza mafuta, na kila mzunguko uwanja nauona, nguo za watu zilizoanikwa nauona weupe wake, kule mbali magari yanapita daraja la Busisi kama kawaida, na mimi siwezi kufika waliko. Nilikuwaza wewe kitandani na mshono wako, unaambiwa mimi na mama tumekwenda pamoja.

Katikati ya viti vya mbele kuna mpini wa pampu ya mkono, wa kushusha magurudumu mfumo ukigoma. Rubani husukuma peke yake, lakini upepo wa ziwa ulikuwa unaturusha na mpini ulikuwa mgumu. Kila nikiuinamia, ndege inalala upande. Nilihitaji mikono mingine, na ndani tulikuwa wawili tu.

"Mama, naomba uje mbele!" Kichwa chake kikabaki kimegeukia dirishani. Nikapaza tena, safari hii bila adabu: "Mama, gurudumu limekwama, tutakufa!"

Alikuja akijishikilia viti, akaketi goti kwa goti, nikamvalisha vile visikilizio vya masikioni. Sauti yake ikaingia moja kwa moja kichwani mwangu, akimlilia mama yake kwa Kihaya: "Mawe! Nishike wapi?"

Niliweka mkono wangu juu ya wake, nikamwonyesha. Akasukuma. Mwanamke aliyepalilia migomba maisha yake yote hana mkono wa mchezo. Alifumba macho, akasali kwa Kihaya, mpini ukapanda ukashuka mpaka ukakataa kabisa. Taa bado haikuwaka. Mnara wakasema sasa gurudumu limenyooka, ila kama limejifunga hawawezi kujua. Mafuta nayo yalikuwa yanakwisha. Nikamwambia tunatua.

"Tua, mwanangu," akasema. "Binti yangu ananisubiri."

Niligusisha gurudumu la kulia kwanza, la kushoto nikalizuia hewani hadi ndege ilipoishiwa nguvu. Likashika. Nikasema tumepona, na papo hapo likajikunja. Bawa likakwangua lami, tukazunguka, tukaishia kwenye majani. Hakuna moto, hakuna damu. Mama alikuwa bado ameshika mpini.

Watu wa zimamoto walipomtoa alifunga khanga yake vizuri, akanipa mgongo, akamwambia mmoja wao, "Muulize mkwe wangu kama ameumia." Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipoanza hayakukatika.

Wakaguzi wamenihoji, wameniachia. Bosi ameshanipangia Alhamisi ndege nyingine, ya aina ile ile. Haya sijamwambia mtu. Kuruka naogopa, kukataa naogopa, na kazi nyingine siijui. Nikilala bado nazunguka juu ya lile ziwa.

Leo tuliporudi nyumbani kutoka kanisani mama alimwambia jirani yangu, ambaye ndiye mdomo wetu humu ndani, "Muulize mkwe wangu, Alhamisi anarusha?" Nikasema, "Mwambie ndiyo." Jirani hajafungua hata mdomo, mama akageuka, akanitazama usoni.

"Baba Neema," akasema, "binti yangu ana watoto wawili sasa."

Nikatoka nje, nikajifanya naangalia kama maji yamerudi bombani.

Nisalimie binamu yako anayekupikia uji, na baba mdogo aliyekukimbiza hospitali. Mwambie wema wake siusahau. Neema mbusu, na huyo mwenye masikio yangu. Mama akifika mwandalie maji ya uvuguvugu akande viganja. Vina malengelenge, na hatakwambia.

Basi litafika kwenu Jumanne. Nipigie kabla ya Alhamisi, mke wangu. Mama nimemfikisha chini, lakini jibu la kweli, nirushe au nikatae, sijampa, na peke yangu siliwezi.

Mumeo akupendaye,
Baba Neema