Motaboti Haina Breki

Jumamosi, Soy. Mvua asubuhi, kisha jua kali. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tangu kampuni ya wanachama inunue shamba la yule mzungu aliyerudi kwao, bwawa na motaboti yake ni vyetu. Kamati ikatafuta wa kuiendesha, ikanitazama mimi. Eti Jaluo, mtu wa ziwani, amezaliwa ndani ya boti! Mimi nimezaliwa kota za reli Eldoret, na kuogelea sijui. Niliwaambia. Wakacheka, wakadhani nanyenyekea.

Mimi ni dereva wa trekta tangu enzi za mzungu, sina hisa. Mwenyekiti aliniahidi nikiweza kuvusha nguzo na waya za fensi hadi ng'ambo ya bwawa, nitapewa ploti kama mwanachama. Ningekataaje?

Nimejifunza peke yangu. Ukisukuma mkono wa injini kulia, pua inaenda kushoto. Hilo nimelizoea. Kilichonishinda ni kusimama.

Leo nilikuwa namvusha mwenyekiti. Pale gatini wanachama wa upande wa juu wa shamba na wa chini walikuwa wanapigana juu ya mpaka. Marungu yalitua vichwani, mmoja sikio linaning'inia. Mwenyekiti akapiga kelele, "Kimbiza! Hawa watauana!"

Nikaongeza moto. Karibu na gati, jiwe likanipata shavuni. Mguu wangu, huu mguu mpumbavu wa trekta, ukakanyaga sakafu kutafuta breki. Gia ya kurudi nyuma nikaisahau. Mwenyekiti alikuwa ameshanyoosha mkono ashike nguzo ya gati, na mkono ukabanwa kati ya gati na boti. Nilisikia mifupa ikivunjika.

Vita vikaisha hapo hapo. Wote wakanigeukia.

"Jaluo gani hajui kusimamisha boti? Umefanya makusudi!"

Walinipiga kwa marungu yale yale, wa juu na wa chini, leo kwa mara ya kwanza wakiwa kitu kimoja. Wangenimaliza kama mke wa mwenyekiti, aliyekuwa akimsubiri mumewe gatini, hangenikinga kwa mwili wake. Mumewe wamempeleka hospitali kwa lori.

"Baba Otieno, twende mjini kabla hawajarudi," mke wangu Akinyi ameniambia, akifunga mizigo.

Kesho wanagawa ploti. Nikikimbia, nimekiri kosa ambalo sikulikusudia, na shamba limekwenda. Nikienda, wataniua labda. Naogopa sana. Lakini udongo huu niliulima kabla wao hawajaununua.

Nitaenda. Nimemwambia Akinyi afungue mizigo.

Amefungua mmoja, wenye sufuria. Ule wa nguo za watoto ameuacha umefungwa.