Miti ya Gari la Punda

Jumamosi, mwezi 6 Mfungo Tano
Nimeuza maji kwa gari tangu alfajiri, kama kila siku. Punda wa marehemu kaka anajua nyumba zote za Bububu. Husimama mlangoni kabla sijamwambia. Yeye ndiye anayemlisha shemeji, Bi Zuhura, aliye ndani ya eda. Kidau cha kaka bado kiko uani, mbao zimeachana kwa jua. Fundi wa kalafati, wa kuziba nyufa za mbao, yuko Mtoni. Kesho nitakipeleka kwa gari.

Jumapili, mwezi 7
Kaka akishapakia, alikuwa akiinua ndoo za maji, kisha akiinua miti ya gari, ile miwili ya mbele anayofungwa punda, alinganishe uzito. Ndoo ngapi? Sikumbuki. Nakumbuka tu alivyofumba jicho moja. Bi Zuhura ndiye aliyekuwa akimjazia. Nikaona haya kumwuliza mjane mambo ya gari kupitia pazia.

Nikakisukuma kidau garini mpaka nyuma ya magurudumu, punda asilemewe. Kazeeka. Miti ikawa myepesi kama ufagio. Nikafurahi!

Penye mwinuko wa Mtoni gari likabinukia nyuma. Miti ikapanda, mkanda wa tumboni ukamnyanyua punda, miguu ya mbele hewani. Hamali mmoja akacheka: "Ami, punda wako kawa kuku, ataka kuruka!" Nilikata mkanda. Akaangukia bega. Mahamali wamenisaidia kurudisha kidau. Punda karudi akichechemea.

Jumatatu, mwezi 8
Nimemwambia Bi Zuhura punda kachoka tu. Uongo. Kwa mjane, mlangoni pa kaka.
Gari la maji nimelivuta mwenyewe. Jirani kanitupia ganda la ndizi, eti chakula changu. Nimestahili.

Jumatano, mwezi 10
Bega la punda limevimba. Namkanda kwa maji moto. Ananisukuma kwa pua, anatafuta mfukoni kile kipande cha muhogo alichokuwa akipewa na kaka kila jioni. Sikuwa nacho.
Asipopona, shemeji atakula nini? Mgongo wangu hautoshi.

Alhamisi, mwezi 11
Nimesimama mbele ya pazia nikasema yote.
"Shemeji," akaita Bi Zuhura.
"Naam."
"Tangu Jumapili namsikia anakanyaga kwa miguu mitatu. Nilikuwa nakungoja useme. Mbona hukuniuliza kabla ya kupakia?"
"Niliona haya."
"Haya yako imemuumiza punda." Kisha, taratibu: "Ndoo mbili. Marehemu alikuwa akisema miti ikiwa myepesi kuliko hapo, gari litamninginiza punda."
Sikulala vizuri. Aliyajua yote, hatua chache kutoka nilipopakia.

Ijumaa, mwezi 26
Punda anakanyaga kwa miguu yote. Polepole.
Baada ya sala nimepakia kidau tena. Nikainua ndoo mbili, kisha miti. Nikakivuta mbele kidogo. Nikainua tena, mpaka mkono haukujua tofauti.
Nimelivuta gari mwenyewe. Punda kafuata nyuma bila mzigo, na muhogo wake mdomoni. Kwenye mwinuko miti haikupanda.
Pale pa kushikia, mti umelainika kwa mkono wa kaka. Tulipofika kwa fundi sikuuachia upesi.