Bati la Jiko la Mama

Kikundi cha Ushonaji,
Kijiji cha Ujamaa, Buganguzi,
Muleba.
13 Novemba 1975

Mpendwa dada Joviana,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, na shemeji Buberwa hajambo? Joto la Tanga mmelizoea? Sisi wazima, ila mama anakohoa, na kosa ni langu.

Dada, siwezi kutulia. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu kuchungulia mvua.

Unajua kitambaa cha sare za shule tulikuwa tunampelekea fundi wa kule mjini Rwamishenye atukatie, maana hapa anayejua kukata ni mimi tu. Yule hukata akijisikia. Mwaka huu shule ilifunguliwa watoto wakiwa na nguo za nyumbani, aibu tukaipata sisi. Nikasema basi, tutengeneze vipimo vyetu wenyewe vya bati: mgongo, kifua, mkono, kola, saizi nne. Ukilaza bati juu ya kitambaa ukazungushia chaki, hata asiyejua anakata.

Wiki tatu nakata bati, sijashona hata kifungo. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Rwegasira, anasema ninacheza. Kesho kamati inakaa. Wasiporidhika wananitoa kwenye uongozi wa kikundi, na kitambaa kinarudi Rwamishenye.

Na bati lenyewe! Dukani hakuna, nikang'oa moja kwenye paa la jiko la mama, nikaliponda mpaka likanyooka. Mawe, mama wee, amenisema! Sasa anapika matoke chini ya majani ya migomba, moshi huku, matone kule.

Jana tukajaribu. Mwenzetu Kokugonza, ambaye hajawahi kushika mkasi, alikata mashati tisa kabla ya chakula cha mchana. Nilitaka kulia kwa furaha. Mama alikuja kutazama, akarudi jikoni kwake. Kisha tukashona saizi ya nne, mtoto haingii! Kwenye bati la saizi hiyo nilisahau kuacha nafasi ya mshono, mjinga mimi, na wewe ndiye uliyenifundisha. Bati likishakatwa haliongezeki, na lingine sina.

Ndiyo maana asubuhi hii nilikaa nikuandikie uniombee, sikuwa na la kufanya tena.

Dada, ngoja kidogo, nasikia nyundo jikoni.

Nimerudi. Ni mama! Yuko juu ya ngazi na kikohozi chake, anang'oa bati la pili, ananigombeza nikalipokee.

Wasalimie shemeji na watoto, Aroni na Verdiana, Mungu awafunike. Mama naye anawasalimu kutoka huko juu. Anasema safari hii nikisahau mshono, ataezua paa langu.

Mdogo wako akupendaye,
Clotilda